Kukamua Alumini: Kuijua Kasoro Kabla Haijatokea

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mkoa wa Singida

MANENO YA SOMO HILI
(Mwalimu ayaandike ubaoni kabla redio haijafunguliwa.)

Alumini: metali nyeupe, nyepesi, isiyopata kutu nyekundu kama chuma.
Gogo: kipande kinene cha alumini, cha mviringo, ambacho hakijafanywa kitu.
Kinu: chumba cha chuma kigumu ambamo gogo hutiwa.
Mchi: chuma kinachosukuma gogo ndani ya kinu.
Kalibu: bamba la chuma lenye tundu la umbo linalotakiwa.
Ufito: alumini iliyokwisha kutoka kwenye tundu la kalibu. Zikiwa nyingi ni fito.
Kasoro: ila au ubovu wa kitu.
Mfano: kitu au hesabu tunayoitumia badala ya kitu chenyewe, ili tujifunze kwanza.

SOMO LENYEWE

Natumaini daftari zenu ziko wazi na kalamu ziko mikononi. Leo tutasoma na kufanya hesabu pamoja, kwa hiyo aliye karibu na redio asimkinge mwenzake.

Tazameni madirisha ya nyumba mpya zinazojengwa katika mji wa Singida, au Manyoni, au Kiomboi, au pale Ikungi kando ya barabara. Zamani dirisha lilikuwa la mbao. Sasa watu wengi wanatia dirisha la kioo lenye fremu ya alumini. Fremu hiyo ni fito zilizokatwa na kuungwa pembeni. Ukichungulia mwisho wa ufito mmoja, utaona kwamba si kipande kitupu cha metali. Una vyumba ndani yake, una mifereji ya kushika kioo, una midomo ya kuzuia maji ya mvua. Je, nani alichonga mifereji hiyo yote, tena iliyonyooka toka mwanzo hata mwisho wa mita 6?

Jibu ni kwamba hakuna aliyechonga. Ufito ulikamuliwa, kama vile dawa ya meno inavyokamuliwa kutoka katika mfuko wake. Tundu likiwa la mviringo, dawa hutoka ya mviringo. Tundu likiwa la pembe tatu, itatoka ya pembe tatu. Ndivyo na tambi zinavyotengenezwa. Tofauti ni kwamba alumini ni ngumu, na nguvu inayotakiwa kuisukuma ni kubwa mno.

JINSI KAZI INAVYOFANYIKA

Sisi wa Singida tunajua kukamua. Mkoa wetu unajulikana kwa alizeti, na vinu vya kukamua mafuta viko mijini na vijijini. Mbegu zinatiwa, zinabanwa, mafuta yanatoka upande mmoja na mashudu upande mwingine. Basi, iwekeni picha hiyo akilini, kisha mbadilishe mambo machache.

Kwanza, gogo la alumini hutiwa moto katika tanuru mpaka lifike digrii 450 hivi za sentigredi, pengine zaidi kidogo. Alumini huyeyuka kwa digrii 660, kwa hiyo gogo hili bado ni gumu, halimwagiki, lakini limelainika. Pili, gogo hutiwa ndani ya kinu. Tatu, mchi unaosukumwa kwa nguvu ya mafuta yaliyobanwa, kama jeki kubwa sana, hulisukuma gogo mbele. Nne, gogo halina njia ila tundu la kalibu, basi hupita hapo na kutoka ufito mrefu. Tano, ufito hupozwa kwa upepo wa mapangaboi au kwa maji, huvutwa kidogo ili unyooke, hukatwa, kisha hutiwa tena katika tanuru la joto la chini, digrii 180 hivi kwa saa kadhaa, ili upate nguvu.

Kazi hii haikuanza kwa alumini. Mwaka 1797 Mwingereza Joseph Bramah alipewa hati ya serikali kwa ajili ya kifaa chake cha kukamua mabomba ya risasi, metali ile laini na nzito. Mwaka 1894 Alexander Dick aliandikisha mashine ya kukamua shaba ikiwa moto. Alumini yenyewe ilikuwa ghali mno mpaka mwaka 1886, ambapo Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mtu kwa upande wake, walivumbua njia ya kuitoa katika udongo wake kwa nguvu za umeme.

Katika sehemu zetu, kiwanda cha Aluminium Africa cha Dar es Salaam, ambacho wengi wanakiita ALAF, kilianzishwa mwaka 1960, nacho kinajulikana sana kwa mabati. Kule Thika, nchini Kenya, kuna kiwanda cha kukamua fito. Nchi za Ghuba zina viwanda vikubwa vya kuyeyusha alumini: Bahrain walianza mwaka 1971, Dubai mwaka 1979, na Sohar katika Oman mwaka 2008. Fito nyingine zinatoka China. Fito ikishushwa bandarini Dar es Salaam, inapakiwa kwenye lori, inapita Morogoro na Dodoma, inafika Singida. Safari hiyo ni kilometa 700 hivi.

Kumbukeni hizo kilometa 700. Kama ufito una kasoro, na kasoro hiyo inagunduliwa na fundi wetu wa hapa Singida, basi kasoro imekwisha lipiwa nauli. Imelipiwa moto wa tanuru, mshahara wa wafanyakazi, meli, ushuru na lori. Na anayelipa mwisho ni yule mama aliyeuza vitunguu vyake na alizeti yake apate dirisha moja. Hii ndiyo sababu ya somo letu.

KASORO TANO

Andikeni sasa. Nitataja kasoro tano zinazojulikana katika kukamua alumini, pamoja na chanzo cha kila moja.

Ya kwanza ni nyufa za juu ya ngozi. Ufito unatoka na mipasuko midogo iliyokatiza, kama magamba ya samaki. Chanzo chake ni joto kupita kiasi. Sugua viganja vyako kwa nguvu: vinapata moto. Alumini nayo, ikibanwa na kusuguana na kalibu, inapata moto zaidi ya ule wa tanuru. Mchi ukienda mbio sana, joto halipati nafasi ya kutoka. Ngozi ya ufito inalegea, inashindwa kuvumilia kuvutwa, inachanika.

Ya pili ni uchafu kuingia ndani. Gogo lina ngozi chafu kwa nje, yenye mafuta, vumbi na ukoko. Mwanzo wa kazi ngozi hiyo inabaki nyuma, imeshikwa na ukuta wa kinu. Lakini gogo linapokaribia kwisha, ngozi ile hukusanyika mbele ya mchi, kisha huvutwa ndani ya moyo wa ufito. Kwa nje ufito unang'aa, ndani una utando wa uchafu. Kwa ajili hiyo wenye viwanda hawakamui gogo lote. Wanaacha kipande cha mwisho, tukiite kisiki, wanakikata na kukirudisha kuyeyushwa.

Ya tatu ni maungio dhaifu. Ufito wenye chumba ndani hutoka katika kalibu yenye madaraja. Alumini inagawanyika kuwa mikondo, kama maji ya mto yanayopita pande mbili za jiwe, halafu mikondo inakutana tena na kushikana. Inashikana kwa sababu ya joto na mbano mkubwa. Mbano ukiwa mdogo, au kukiwa na uchafu, haishikani vizuri. Siku moja fundi anakaza skurubu, na ufito unafunguka kwa urefu kama ganda la kunde.

Ya nne ni kupinda na kujisokota. Alumini hupita upesi mahali ambapo tundu ni pana, na polepole mahali ambapo tundu ni jembamba. Upande wenye mbio unakuwa mrefu kuliko mwenzake, basi ufito unapinda kuelekea upande wa polepole. Ni kama mikokoteni miwili iliyofungwa pamoja, mmoja ukivutwa na punda mwenye nguvu na mwingine na punda mgonjwa: yote miwili itazunguka.

Ya tano ni malengelenge na michirizi. Malengelenge hutokea hewa inaponaswa ndani, kisha ikafura kwa joto. Michirizi hutokea kalibu ikiwa imechakaa au imeshikwa na chembe za alumini zilizoganda mdomoni mwake.

Mwalimu, simamisha darasa kwa dakika mbili. Kila mtu aandike majina ya kasoro hizi tano kwa maneno yake mwenyewe.

JARIBIO LA UDONGO

Wazee wetu walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Je, kasoro za alumini nazo zina mawingu yake? Tunaweza kuziona kabla hazijanyesha? Ndani ya kinu hakuna jicho linaloona. Kuna chuma kinene pande zote na moto mkali. Kwa hiyo watu walitafuta njia ya kuona bila kuingia, nayo ni njia ya mfano.

Mfaransa Henri Tresca alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1864 alipeleka mbele ya wanachuoni wa Paris habari za majaribio yake. Alipanga mabamba ya risasi moja juu ya jingine, kama chapati katika sahani, akayabana mpaka yakatoka kwenye tundu. Kisha alikata kile kilichotoka katikati kwa urefu, akatazama jinsi kila bamba lilivyojikunja. Hapo watu waliona kwa macho yao kwamba metali ngumu nayo inatiririka, kwa taratibu zake. Baadaye mainjinia walitumia udongo laini wa kuchezea wa rangi mbalimbali, na nta, kwa shabaha hiyohiyo.

Nanyi mnaweza kulifanya jaribio hili. Kazi ya nyumbani ni hii. Tafuteni udongo wa mfinyanzi wa rangi mbili, mwekundu na mweupe. Ukandeni uwe laini kama unga wa chapati. Chukueni kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa shubiri moja. Upande mmoja zibeni kwa kibao mlichokitoboa tundu katikati, na mkishikilie kwa nguvu. Tengenezeni visahani vya udongo, mwekundu, mweupe, mwekundu, mweupe, mvipange ndani ya bomba mpaka lijae. Sasa sukumeni kwa mti wa mviringo unaoingia barabara. Huo ndio mchi wenu. Mkifika nusu, simameni. Toeni udongo wote kwa uangalifu, muukate kwa urefu kwa uzi.

Mtaona nini? Mtaona kwamba mistari iliyokuwa imenyooka imekuwa kama ndimi. Udongo wa katikati umetangulia, udongo wa kando umechelewa kwa kushikwa na ukuta. Katika pembe, karibu na kibao, kuna udongo ambao haukusogea kabisa. Fanyeni tena, safari hii mkisukuma karibu mpaka mwisho. Mtaona shimo kama faneli likianza katikati ya kile kilichobaki. Hapo ndipo uchafu wa ngozi ya gogo unapopata mlango. Mara ya tatu, toboeni tundu lenye upande mnene na upande mwembamba, mtazame kamba ya udongo inavyopinda.

Basi mtakuwa mmeona kwa macho kasoro ya pili na ya nne, bila kuchoma hata kipande kimoja cha kuni.

Lakini jihadharini. Udongo haupati moto kama alumini, kwa hiyo jaribio hili haliwezi kuwaonyesha kasoro ya kwanza, ile ya nyufa za joto. Mfano ni mfano. Si kitu chenyewe. Mwenye akili hujiuliza kila mara: mfano wangu unafanana na kitu chenyewe katika jambo gani, na haufanani katika jambo gani?

HESABU NAYO NI MFANO

Mfano si lazima uwe wa udongo. Hesabu nayo ni mfano. Tufanye moja.

Tuseme gogo letu lina eneo la sentimeta za mraba 250 tukilitazama kwa mbele. Ufito unaotoka una eneo la sentimeta za mraba 5. Gawanyeni 250 kwa 5. Jibu ni 50. Maana yake, kila sentimeta 1 ya gogo inatoa sentimeta 50 za ufito, kwa sababu alumini haipotei; ikipungua unene inaongezeka urefu.

Gogo lina urefu wa sentimeta 60. Tunaacha kisiki cha sentimeta 6 nyuma, kwa ajili ya uchafu. Zinabaki 54. Mara 50 ni sentimeta 2,700, yaani mita 27. Wanunuzi wanataka fito za mita 6. Tunapata fito 4, ambazo ni mita 24, na mita 3 zinabaki. Sehemu ndogo ya hizo inahitajika kwa kushikia ufito wakati wa kuuvuta, tuseme mita 1. Nyingine 2 ni hasara.

Sasa tumieni akili. Kama tungekata gogo la sentimeta 56 badala ya 60, ingekuwaje? 56 kutoa 6 ni 50. Mara 50 ni sentimeta 2,500, yaani mita 25. Fito ni zilezile 4, na mita 1 ya kushikia. Tumeokoa sentimeta 4 za gogo. Sentimeta 4 mara eneo la 250 ni sentimeta za ujazo 1,000, ambazo ni sawa na lita moja. Lita moja ya alumini ina uzito wa kilo 2.7. Kwa magogo 100 tumeokoa kilo 270, wala hatujagusa mashine. Tumegusa kalamu tu.

Je, kilo hizo ni kitu? Kutoa kilo moja ya alumini mpya kunahitaji uniti 14 hivi za umeme, uniti zilezile mnazonunua kwa mita ya LUKU. Kuyeyusha alumini iliyokwisha tumika kunataka kama sehemu 5 tu katika kila 100 za nguvu hizo. Kwa hiyo ufito mbovu hautupwi, unarudi tanuruni. Hata hivyo moto wa kwanza umepotea, kazi ya watu imepotea, na kila ukiyeyusha, alumini kidogo inaliwa na hewa na kuwa taka.

KOMPYUTA INAFANYA NINI

Hesabu yetu ilikuwa rahisi kwa sababu tulihesabu gogo zima kwa mara moja. Lakini kujua ni mahali gani pa ufito patapasuka, hesabu hiyo haitoshi. Hapa ndipo kompyuta inapoingia.

Fikirini shamba la alizeti la ekari 10. Mtu akitaka kukisia mavuno, hawezi kusema shamba zima ni sawa. Kando ya kichuguu ni pazuri, bondeni maji yametuama, kule juu kuna mawe. Basi analigawa shamba katika vijaruba vidogo, anakisia kila kijaruba, halafu anajumlisha. Vijaruba vikiwa vidogo zaidi, makisio yanakaribia ukweli zaidi.

Mainjinia wanafanya vivyo hivyo. Wanaligawa gogo na kalibu, ndani ya hesabu, katika vijisehemu maelfu kwa maelfu. Kwa kila kijisehemu wanauliza: kinasukumwa na jirani zake kwa nguvu gani? Kinakwenda mbio kiasi gani? Kina joto kiasi gani? Kijisehemu kimoja kikisogea, jirani zake nao wanabadilika, kwa hiyo hesabu inarudiwa tena na tena. Mtu mmoja angehesabu mpaka azeeke. Kompyuta inafanya kwa saa chache. Njia hii ya vijisehemu ilipewa jina lake mwaka 1960 na Ray Clough, mwalimu wa uinjinia katika Chuo Kikuu cha California, na ilianza kwa mambo ya ndege na majengo kabla ya kufika katika kukamua metali.

Mwisho wa hesabu, kompyuta huchora picha. Mahali penye joto kali panapakwa rangi nyekundu, penye joto dogo panapakwa buluu. Injinia akiona wekundu mdomoni mwa kalibu, anajua: hapa ngozi itachanika. Hajachoma gogo lolote. Anabadilisha mwendo wa mchi ndani ya hesabu, anahesabu tena. Wekundu umepungua? Vema.

Sasa sikilizeni jambo muhimu. Dawa ya nyufa si kwenda polepole tu. Mchi ukienda polepole mno, fito zinazotoka kwa siku ni chache, na kiwanda hakilipi. Tena ufito ukitoka na joto dogo mno, dawa ya nguvu iliyomo ndani yake haiyeyuki sawasawa, na ufito unakuwa laini. Dawa hiyo ni magnesi na silikoni kidogo. Katika fito za madirisha, zote mbili pamoja ni kama sehemu moja tu katika kila mia. Kwa hiyo kuna njia nyembamba katikati: si moto mno, si baridi mno. Mfano wa hesabu unasaidia kuipata njia hiyo. Viwanda vingine hutia gogo moto zaidi upande wa mbele kuliko wa nyuma, na kupunguza mwendo kadiri joto linavyopanda, ili ufito utoke na joto moja toka mwanzo hata mwisho.

Kwa kasoro ya kupinda, kompyuta inaonyesha upande gani wa tundu una mbio. Fundi wa kalibu anaurefusha ukingo wa ndani wa tundu upande huo, ili alumini isuguane zaidi na kupunguza mbio. Zamani ilikuwa ni kujaribu kwa kukamua hasa: kamua, tazama, toa kalibu, chonga, rudisha, kamua tena. Kila jaribio lilikula gogo na muda wa mashine. Sasa majaribio mengi yanafanywa ndani ya hesabu, na machache tu yanabaki kwa mashine.

Kwa maungio dhaifu, hesabu inaonyesha mbano katika chumba ambamo mikondo inakutana. Ukiwa mdogo, chumba kinapanuliwa au madaraja yanabadilishwa umbo.

Hata hivyo kompyuta haijui ila lile iliyoambiwa. Ukiiambia kwamba gogo lina digrii 450 kumbe lina 480, itakuletea jibu zuri la uongo. Kwa sababu hii, watu wa kazi hupima joto la ufito unapotoka, hupima nguvu ya mchi, hukata vipande na kuvichunguza, kisha hulinganisha na hesabu. Mfano na kipimo vikitofautiana, hesabu ndiyo inayorekebishwa, wala si kipimo. Na mzee wa mashine, aliyekaa mbele ya kinu miaka 20, ambaye kwa kuusikia mlio tu anajua kalibu imechoka, asidharauliwe. Maarifa yake nayo yaandikwe na kutiwa katika hesabu.

YAKUHUSU NINI WEWE

Huenda mtu atasema, "Mwalimu, mimi sina kiwanda. Haya yananihusu nini?"

Yanakuhusu mara mbili. Kwanza, wewe ni mnunuzi. Unapokwenda kwa fundi wa madirisha, usione haya kukagua.

Shika ufito, uinue mpaka usawa wa jicho, utazame kwa urefu wake kama unavyotazama boriti. Umenyooka? Pitisha ukucha juu ya ngozi. Unakwama? Tazama mwisho wake uliokatwa. Unene wa pande ni sawa? Kuna mstari mweusi au tundu ndani ya metali? Tafuta malengelenge kwa kuuelekeza kwenye mwanga.

Maungio ya ndani huwezi kuyaona kwa jicho. Lakini mwambie fundi kwa adabu, "Fundi, naomba tujaribu kipande ulichokata ukakiacha." Kipande kifupi kikipigiliwa kabari mdomoni, kinafunguka kama maua. Kikipasuka kufuata mstari mmoja ulionyooka mahali pa maungio, tena kwa urahisi, huo ni ushahidi wa maungio mabaya. Viwandani nako wanafanya jaribio la namna hii kwa chuma chenye ncha ya pia. Fundi mwaminifu hatakasirika. Atakujibu, "Sawa mama, tujaribu," kwa maana hata yeye hataki kurudi kwako mwezi ujao kubadilisha dirisha. Mji wetu una upepo mwingi, na dirisha bovu halikawii kujitangaza.

Pili, njia ya mfano si mali ya viwanda peke yake. Mwanamke anayepanda mistari mitatu ya mbegu mpya kando ya shamba kabla ya kuipanda ekari nzima, ametumia mfano. Fundi cherehani anayekata karatasi kabla ya kukata kitambaa, ametumia mfano. Mnaojenga nyumba, mkichora chumba ardhini kwa kamba na kulaza kitanda ndani yake kabla ya kuchimba msingi, mmetumia mfano. Kosa lililofanywa katika karatasi hufutwa kwa ufutio. Kosa lililofanywa katika saruji hufutwa kwa nyundo.

Nanyi mliojifunza kusoma na kuhesabu katika darasa hili mnacho chombo cha kwanza cha kazi hiyo. Ile hesabu ya gogo la sentimeta 56 haikuwa na siri. Ilikuwa kugawanya, kutoa na kuzidisha. Aliyeifanya sawasawa ameokoa kilo 270.

MASWALI YA DARASA

1. Taja kasoro tano za fito za alumini, na chanzo cha kila moja.
2. Kwa nini wenye viwanda hawakamui gogo lote mpaka mwisho?
3. Gogo lina eneo la sentimeta za mraba 300, na ufito una eneo la sentimeta za mraba 6. Gogo lina urefu wa sentimeta 44, na kisiki ni sentimeta 4. Ufito utakuwa na urefu wa mita ngapi? Utatoa fito ngapi za mita 6?
4. Mchi unakwenda milimeta 5 kwa sekunde. Ikiwa kila milimeta 1 ya gogo hutoa milimeta 50 za ufito, ufito unatoka mita ngapi kwa dakika moja?
5. Udongo wa rangi mbili unafanana na alumini katika jambo gani, na haufanani katika jambo gani?
6. Eleza kazi moja ya nyumbani au ya shambani kwako ambayo ungeweza kuifanyia mfano kwanza. Andika sentensi nne.

Majibu ya hesabu: swali la 3, mita 20, fito 3. Swali la 4, mita 15.

Basi wasikilizaji, saa yetu imekwisha. Msisahau jaribio la udongo, na mlete vipande vyenu darasani mkutano ujao ili mvilinganishe. Wanaosikiliza pamoja na watoto wawape nafasi nao wasukume mchi. Kwaherini.